Trei ya Mayai ya Shangazi Tusa

Ni mwaka mmoja sasa, Tusajigwe, tangu ile Jumatano ya tarehe 9 Aprili 2025 uliposema unajilaza kidogo, nyumbani kwa mama yako, Uyole, Mbeya, na hukuamka tena. Pasaka ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Wifi yako Faustina ndiye aliyeshika kalamu. Kaka yako Ambokile amejaribu mara tatu, na kila akifika kwenye jina lako anakwenda nje kuangalia kuku. Tukasema basi, aandike mwenye macho makavu. Aliyesema ana macho makavu ni huyo Faustina mwenyewe, kwa hiyo wasomaji wapime.

Tulishauriwa tuandike kwa kifupi. Hatukuweza. Tuna habari ya kukupa, Tusa, tena habari mbichi, ya Jumapili hii iliyopita, na tangu siku hiyo nyumba nzima inaongea kwa pamoja na hakuna anayesikiliza.

Lakini kwanza wasiokujua wakujue.

Ulikuwa mkaguzi wa kakao. Siku nne za juma ulikuwa Kyela kwenye maghala ya wakulima, unapasua punje kwa kisu, unatazama rangi ya ndani, unanusa. Pua yako ndiyo iliyokulisha. Na ulipokuja kwetu Kihesa, Iringa, hukuipumzisha: ulinusa mkate, ukanusa mashuka, ukanusa vichwa vya watoto. Ulimnusa Dastan utosini ukasema, "Huyu amechachuka vizuri, anaweza kwenda sokoni." Ukamnusa mdogo wake Rozalia ukasema, "Huyu bado mbichi. Mrudisheni kwenye majani ya migomba, kama kakao isiyochachuka." Rozalia alikuwa na miaka mitatu. Alilia nusu siku, akidhani kweli anarudishwa.

Hukuwa na mtoto wako. Uliwahi kusema huna haja, kwa sababu wa kaka yako wanakutosha na wanarudi kwa mama yao wakichafuka.

Na walichafuka. Kila mwaka, Jumatano ya Juma Kuu, ulishuka kutoka basi la Mbeya na mfuko wa kakao kavu begani, sauti ikikutangulia getini: "Wifi! Toa kuku wako jikoni, nimefika!" Wifi yako hajawahi kufuga kuku jikoni, na ulijua. Ulimchokoza tu, maana mawifi wasipochokozana watu hudhani wamegombana.

Kazi yenu, wewe na watoto, ilikuwa mayai ya Pasaka. Si ya kuchemsha na kupaka rangi. Mayai ya chokoleti, ndani ya maganda ya mayai ya kweli. Mlitoboa kila yai upande wake mnene kwa msumari, mkapuliza, ute na kiini vikamwagika kwenye bakuli. Maganda mliyaosha, mkayapitisha kwenye maji yanayochemka, mkayakausha juani. Bakuli lile tulilila sisi. Toka Jumatano mpaka Jumamosi nyumba hii ilikula mayai ya kukaanga asubuhi, mayai na wali mchana, mayai na chapati usiku, hadi Ambokile akauliza kama Kwaresima ni kufunga nyama au kufunga akili.

Kisha mlikaanga kakao kwenye chungu, mkaifikicha ikatoka maganda, mkaipepeta kwa ungo uani, mkaitwanga kwenye kinu kilichokaa juani hadi kikapata moto. Ulisema kinu cha baridi kinainyima kakao mafuta yake. Ilipolainika ikawa inateleza yenyewe, ndipo mkaweka sukari mliyoisaga na maziwa ya unga, mkaiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Halafu mliimwaga kwenye sinia lililolazwa sakafuni, mkaikuna kwa mwiko huku na huku mpaka ipoe, mkairudisha kwenye joto kidogo. Ukiruka hatua hiyo, ulisema, chokoleti inatoka weupe kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta.

Wifi yako alisimama mlangoni na tambara. Ana stashahada ya famasia, anafanya kazi duka la dawa, na kwake kila kitu kina kipimo.

"Sukari kiasi gani?" alikuuliza.

"Mpaka roho iseme basi."

"Roho ya nani?"

"Yako ikisema basi, ongeza nusu kikombe, maana roho yako ni bahili."

Watoto walicheka mpaka Dastan akaangusha mwiko. Wifi yako alifuta sakafu. Hakuwahi kuingiza mkono kwenye bakuli lile, hata mara moja, kwa miaka sita. Alisema mtu mmoja lazima abaki msafi. Leo anaandika hapa kwamba lile lilikuwa kosa.

Jumapili ya Pasaka trei ile ilikwenda shule ya Jumapili, kwenye darasa la watoto usharikani. Kila mtoto yai lake. Walikusubiri kuliko walivyomsubiri mchungaji, na mchungaji mwenyewe alilijua hilo.

Kisha ukatutoka. Tulikuzika, tukarudi Iringa usiku, na kesho yake asubuhi Rozalia aliuliza, "Nani atafanya mayai?" Wifi yako alikuwa anakunja nguo. Akajibu bila kugeuka, "Hakuna mayai." Ndivyo anavyozungumza, ulimzoea. Lakini mtoto wa miaka sita hakumzoea kiasi hicho. Pasaka ile Rozalia hakuuliza tena, na hakula kitu kitamu mpaka mwezi wa sita.

Sasa habari yenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yako Sabina alikuja kututembelea. Alitoa kwenye kikapu mfuko wa kitambaa, umefungwa kwa fundo lako lile la kuvuta mara mbili. Alisema aliukuta chini ya kitanda chako. Ulikuwa umeshanunua kakao ya Pasaka, ukaipanga, ukapasua punje kadhaa kuikagua kama ilivyo kawaida yako. Kilo mbili na nusu. Ilikaa karibu mwaka mzima mahali pakavu, na ilikuwa bado inanukia.

"Hii ni ya watoto," mama alisema. "Mimi meno yangu hayaiwezi."

Wifi yako alitaka kuuweka mfuko kabatini mpaka tujue la kufanya. Rozalia hakusubiri tujue. Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya darasa lake akatangaza kwamba Pasaka hii mayai ya Shangazi Tusa yapo, kila mtoto lake, na mwalimu lake. Watoto ishirini na tisa na Mwalimu Goodness. Thelathini. Trei kamili.

"Umewaahidi kwa ruhusa ya nani?" wifi yako alimuuliza njiani.

"Kakao ipo, Mama."

"Kakao ipo. Aliyejua kuipika hayupo."

"Mimi nilikuwa naangalia," Rozalia alisema. "Wewe ulikuwa unafuta."

Wifi yako akaongeza mwendo.

Kwa hiyo kazi ilianza Alhamisi Kuu. Kaka yako alitoboa mayai, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dastan, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na sauti inayokatika, alitwanga. Rozalia alisimama juu ya stuli kama msimamizi wa ujenzi. Na wifi yako, Tusa, alivaa aproni akaingia jikoni. Alikuwa na mizani ya duka la dawa na karatasi ya mahesabu ya sukari.

Tuliigawa kakao mara mbili, maana kinu ni kidogo. Nusu ya kwanza ilikwenda hivi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kinu kilikuwa cha baridi, na hakuna aliyekikumbuka. Kakao haikuteleza. Ilipofika kwenye bakuli la moto ilikuwa nzito, inashika mwiko. Na hapa wifi yako, mwanamke wa Kihehe aliyeanza kusonga ugali akiwa na miaka saba, aliona kitu kizito kinachogoma, na mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa namna hiyo hufanya bila kuuliza kichwa. Mkono huo ulichota kikombe cha maji ya moto.

"Mama, si maji!" Rozalia alipiga kelele. "Si maji, Mama, si..."

Yalikuwa yameshaingia.

Unajua kilichotokea. Sisi hatukujua. Tulidhani italainika. Ikashikana palepale mbele ya macho yetu, ikawa chenga kavu, kama udongo wa kufyatulia matofali. Wifi yako aliongeza maji mengine kidogo ili kurekebisha. Ikazidi.

Dastan alichungulia bakuli. "Hongera, Mama. Umepika tofali."

Baba yake alimkata jicho.

Rozalia hakulia. Ingekuwa afadhali. Alishuka kwenye stuli, akasogea, akatazama ndani ya bakuli kwa muda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ilikuwa ya Shangazi."

Wifi yako alikaa sakafuni. Alikaa kwenye saruji na aproni yake, miguu imenyooshwa, mbele ya watoto. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Kaka yako akafungua mdomo kusema neno la faraja, akaambiwa afunge.

Iliyobaki ilikuwa nusu. Dastan alipiga hesabu haraka: itajaza mayai kumi na tano, labda kumi na sita. Na watoto ni ishirini na tisa na mwalimu. Nani atapewa na nani atanyimwa? Rozalia alianza kuyataja majina kwa vidole, akafika kwa rafiki yake mmoja, akarudi mwanzo, akaanza tena.

Wifi yako alikuwa bado sakafuni, anaitazama trei ya maganda matupu. Akasema ghafla, "Kapsuli."

"Nini?" akauliza Ambokile.

"Kapsuli, Baba Dastan! Dawa za kapsuli. Mtu anameza anadhani imejaa, kumbe ni ganda na hewa na unga kidogo. Nani alisema yai lazima lijae?" Alikuwa ameshasimama. "Tunapaka ndani tu. Tunamimina, tunazungusha, tunamwaga inayobaki kwenye ganda linalofuata. Kama unavyosuuza kikombe!"

"Shangazi alikuwa anajaza," Rozalia alisema kwa mashaka.

"Shangazi alikuwa na kilo mbili na nusu. Mimi nina kilo moja na robo na aibu. Dastan, kinu kando ya jiko kipate moto! Rozalia, panda stuli. Kuanzia sasa wewe ndiye unasema, na mimi nikigusa maji unipige mkono."

Tusa, laiti ungeiona nyumba hii. Rozalia alisema na sisi tukatenda. Sukari aliionja yeye, akaonja tena, akafumba macho, akasema roho bado haijasema. Mizani ya duka la dawa ikarudi kabatini. Sinia likalazwa sakafuni, wifi yako akapiga magoti, akaikuna chokoleti kwa mwiko huku na huku mpaka mkono ukafa ganzi. Rozalia alichota kidogo, akajigusisha chini ya mdomo kama ulivyomfundisha, akasubiri kuona kama anasikia moto au baridi.

"Hakuna kitu," alitangaza. "Ndiyo tayari!"

Tulimimina kwa kutumia pakiti ya maziwa iliyokatwa ncha. Zungusha, zungusha, mwaga. Lingine! Zungusha, mwaga. Dastan alihesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Ishirini na tano! Ishirini na sita! Ukuta ulipata chokoleti, pazia likapata, kaka yako akapata sikioni na hatujui ilifikaje. La ishirini na tisa likapita. La thelathini lilipakwa kwa kukwangua bakuli na kidole cha Rozalia.

Tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Lile tofali halikupotea pia. Wifi yako aliliyeyusha kwa maziwa ya moto mengi, likawa kinywaji, na jirani yule na watoto wake wakanywa vikombe viwili viwili, wakasifu. Hatukuwaambia ni msiba wa mchana.

Ijumaa Kuu na Jumamosi baridi ya Iringa ilifanya kazi yake dirishani bila friji. Tuliyapanga kwenye trei, tundu chini, na yalionekana mayai kabisa. Hapo ndipo tulipojikaanga wenyewe.

Kwa sababu trei zilikuwa mbili.

Kuku wetu walitaga vizuri mwaka huu, na wifi yako alitenga trei moja ya mayai ya kweli kwa ajili ya sadaka ya Pasaka. Unakumbuka usharika wetu: asiye na fedha hutoa kuku, ndizi, mayai, na baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani. Trei zote mbili zilikaa juu ya kabati, zimefunikwa vitenge vya doti moja, vinavyofanana kabisa. Asubuhi ya Pasaka wifi yako, huku anamsuka Rozalia, alimwambia kaka yako, "Chukua ya sadaka, Dastan achukue ya watoto." Ambokile akauliza, "Ipi ni ipi?" Akajibiwa, "Si unaona?"

Hakuona. Hakuna ambaye angeona.

Ibada ikaisha kwa vigelegele. Watoto wakaingia darasani. Rozalia akaweka trei mezani, akafunua kitenge, watoto ishirini na wanane wakanyoosha shingo. La kwanza alimpa Mwalimu Goodness, ambaye alikuwa amevaa gauni jeupe la Pasaka, jipya.

"Pasua, Mwalimu!"

"Nipasulie wapi?"

"Kwenye paji la uso! Shangazi Tusa ndivyo alivyokuwa anafanya!"

Mwalimu Goodness ni binti mwema. Alilipiga yai kwenye paji la uso wake, kwa nguvu, kwa imani.

Kicheko kilichotoka kwenye chumba kile kilisikika mpaka barabarani. Kiini kilimpitia puani, kikashuka kifuani. Rozalia peke yake hakucheka. Aliitazama trei, akamtazama mwalimu, akageuka akatoka mbio uwanjani akipiga kelele mbele ya usharika mzima:

"Mama! Mama! Baba amemtoa Shangazi sadaka!"

Mnada ulikuwa umepamba moto. Mzee Timotheo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha mawe, alikuwa ndiyo kwanza amegonga meza: "Imekwenda! Trei ya mayai imekwenda kwa Dada Apolonia!" Apolonia ndiye mwenye banda la chipsi Kihesa sokoni. Hununua mayai ya mnada kila Jumapili, na kesho yake yanakuwa chipsi mayai. Alikuwa ameshaibeba.

Wifi yako alikimbia, Tusa. Na viatu vya visigino.

"Dada Apolonia, samahani. Hiyo trei ni ya kwangu."

"Ilikuwa ya kwako, Mama Dastan. Ukampa Bwana. Bwana ameniuzia mimi."

"Hayo si mayai."

"Si mayai? Ni viazi?"

"Ni chokoleti."

Watu wakaangua kicheko. "Mama Dastan," Apolonia alisema kwa upole wa kuchokoza, "nenda nyumbani ule. Mfungo umekupanda kichwani."

"Nakupa trei nyingine. Mayai ya kweli. Yapo ishirini na tisa."

"Na la thelathini?"

"Liko usoni kwa mwalimu."

Kicheko kikaanza upya. Lakini Mzee Timotheo aliinua mkono, na hakuwa anacheka. "Mama Dastan, kilichowekwa madhabahuni hakirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Leo nikirudisha mayai, Jumapili ijayo mtu atadai mbuzi wake."

Alikuwa sahihi. Wifi yako alilijua hilo, naye ni mtu wa utaratibu. Pembeni yake Rozalia alikuwa amemshika sketi, na kwenye mlango wa darasa watoto walikuwa wamejazana kimya, wameshaelewa. Mwaka uliopita waliambiwa hakuna. Mwaka huu waliahidiwa.

Basi wifi yako akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuwahi kulisema hata chumbani. "Ni ya wifi yangu. Amekufa. Hiyo ni kakao yake ya mwisho, aliinunua kwa mkono wake, na mimi nimeshaiharibu nusu. Iliyobaki ni hiyo uliyoshika."

Apolonia akaishusha trei kifuani.

"Wifi yupi?" Apolonia aliuliza. "Yule wa Mbeya? Aliyekuja bandani kwangu akanusa mafuta yangu akasema yamechoka, yastaafu?"

"Huyo huyo."

"Alinitia aibu mbele ya wateja." Apolonia aliiweka trei mezani. "Na yalikuwa yamechoka kweli." Akatoa yai moja, akalipima mkononi, akalitikisa sikioni. "Jepesi. Nilidhani yamekauka." Akaligonga pembeni mwa meza.

Hakikumwagika kitu. Alimenya ganda kidogo, ikaonekana rangi ya kahawia.

"Limeoza!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nyamaza wewe." Apolonia alinusa. Akavunja kipande, akaweka mdomoni. Alitafuna polepole, watu mia mbili wakimtazama taya. Akavunja kipande cha pili.

"Nani ametengeneza?" aliuliza mwishowe.

"Shangazi Tusa," Rozalia alisema.

"Si amefariki, mwanangu?"

"Ndiyo. Sisi tulimsaidia."

Apolonia aligeuka. "Mzee Timotheo, nimenunua, sivyo?"

"Umenunua halali."

"Basi ni mali yangu, na mwenye mali hapangiwi. Watoto! Mstari! Wadogo mbele!" Walikuja kama nyuki. "Ila hili nililovunja silirudishi. Na yale ishirini na tisa ya kweli nayachukua, Mama Dastan. Chipsi mayai hazipikwi kwa machozi."

Rozalia ndiye aliyegawa. Kila mtoto lake, kwa mikono miwili, na kila mmoja alilipasua kwenye paji la uso na kupiga kelele. Lilipungua moja, lile la Apolonia, kwa hiyo la Rozalia lilikwenda kwa Mwalimu Goodness. Alisema haki ni haki, mwalimu ameshapigwa na yai bichi. Tulimuuliza jioni kama ameumia kukosa. Akasema yeye alilamba bakuli, wengine hawakulamba.

Wifi yako alirudi nyumbani akiwa ameshika viatu mkononi. Kaka yako alitembea nyuma yake kwa tahadhari. Walipofika kona ya kwetu aligeuka akamwambia, "Mwakani tunanunua vitenge vya doti mbili." Hilo tu. Kaka yako alipumua.

Tungeishia hapo. Lakini Jumatatu ya Pasaka saa tatu asubuhi tulisikia minong'ono getini. Wifi yako alifungua, amevaa kanga, hajapiga mswaki. Walikuwa watoto kumi na wawili wa darasa lile, na wawili ambao si wa usharika wetu kabisa. Kila mmoja ameshika ganda la yai lililotobolewa. Mengine yametobolewa vibaya, moja limebaki nusu, mtoto mmoja kalileta la bata. Mdogo wao alisema, "Shikamoo. Tumekuja kujifunza."

Wifi yako alitaka kuwaambia ukweli: kakao imekwisha, imebaki ile iliyoganda kwenye kinu, waje mwakani. Tayari alikuwa amefungua mdomo. Rozalia akampita chini ya mkono, bado na nguo ya kulalia, akasimama mbele yao, akawatazama kucha.

"Sawa," akasema. "Shangazi anasema kwanza mnawe mikono."

Anasema, Tusa. Wifi yako alisimama pale getini na hakumsahihisha. Akaenda kuleta sabuni.

Unakumbukwa na mama yako Sabina wa Uyole, Mbeya. Kaka yako Ambokile na wifi yako Faustina wa Kihesa, Iringa. Watoto wako Dastan na Rozalia. Majirani, na wakulima wa kakao wa Kyela waliokuwa wakiisubiri pua yako ghalani. Anakukumbuka pia Apolonia, ambaye ameomba jina lake liandikwe, na ameagiza uambiwe kwamba mafuta yake sasa ni mapya.

Ndaga fijo, asante sana, Tusajigwe. Tutakukumbuka daima, na tutakutaja kwa jina lako mbele ya watu.